Namba ya Kwenye Kioo

Mume wangu alianza kusumbuliwa na gesi mwezi wa nane. Ndivyo alivyosema yeye. Gesi ilimpata akipanda ngazi, ikampata akishusha gunia la mchele kutoka kwenye gari, na ikamwachia kila alipokaa chini dakika tano. Kazi yangu mimi, katika hospitali moja ya Dallas, ni kubandika waya kwenye vifua vya watu na kusoma mistari ya moyo inayotoka kwenye mashine. Kwa miaka kumi na moja nimeona vifua vya kila namna, na sijawahi kuona gesi inayojua kuhesabu ngazi.

Kaka yake mkubwa alifariki Lushoto akiwa na miaka hamsini na mbili. Mpaka tunamzika watu walikuwa wanasema vidonda vya tumbo. Mwaka huo mume wangu alikuwa anatimiza hamsini na mbili. Hatukulisema hilo mezani hata siku moja, lakini mimi nililala nalo na kuamka nalo.

Nilimwomba aje kazini kwangu nimpime. Dakika kumi tu, nilimwambia, unavua shati, unalala, unanyanyuka. Akachemsha tangawizi. Nikamwomba tena, akanunua dawa ya maji ya tumbo, ile ya rangi ya waridi, akawa anaiweka mahali nitakapoiona. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikuwa mganga niliyezuiwa na mume wangu mwenyewe kufungua vifungo vya shati lake.

Sababu ilikuwa pikapu.

Tunaishi Mesquite. Watoto wetu wawili wapo vyuoni, nyumba imekuwa kimya, na mume wangu, ambaye ni msimamizi wa zamu kwenye ghala, alinunua kwa jirani pikapu nyekundu ya zamani yenye injini kubwa kuliko akili ya mtu yeyote anayeihitaji. Mwenzake wa kazini, Mkenya wa Nakuru, akamchukua Jumamosi moja hadi kwenye uwanja wa mbio kusini mwa Fort Worth. Si mbio za kuzunguka. Ni barabara moja iliyonyooka, robo maili, magari mawili kwa mara moja, na yote yanakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Alirudi jioni ile amechangamka kama aliyetoka kuposa. Nikasema hii ni aibu, mtu mzima na helmeti. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe kumrudisha nyumbani, nikabaki mpaka mwisho.

Kilichonikamata ni madaraja yao. Nilidhani mbio ni mbio: mwenye gari kali anashinda, mwenye gari bovu anakula vumbi. Kweli lipo daraja la namna hiyo, wote wanaondoka pamoja na wa kwanza kufika ndiye mshindi, na wanaolishiriki wanakuja na matrela marefu na mafundi wao. Lipo pia daraja ambalo wenye uwanja wanapanga muda mmoja kwa wote, tuseme sekunde kumi, na kila mtu anajaribu kuugusa bila kwenda chini yake. Lakini umati wa watu wa kawaida, wale wanaokuja na gari walilopelekea watoto shule jana, wapo kwenye daraja jingine kabisa. Yule Mkenya alinieleza tumesimama kwenye uzio, moshi wa tairi ukitupita usoni.

"Shemeji, hapa si mashindano ya nani ana pesa," aliniambia. "Unaandika kwa dirisha ile time gari yako inafanya, na usiende chini yake. Uki-cheat, inakurudia."

Yaani kila dereva anatangaza mwenyewe muda wa gari lake. Anauandika kwa dawa nyeupe ya viatu kwenye kioo, namba kubwa, kila mtu aione. Mwenye gari la polepole anawashiwa taa ya kijani mapema, kwa tofauti ileile ya namba zao, na mwenzake anamfukuza. Wakisema kweli wote wawili, watafika karibu pamoja. Ila ukienda kasi kuliko namba uliyoandika, umeshindwa, hata ukiwa wa kwanza. Wao wanaita kuvunja. Na humohumo kuna ngazi zake: wenye vifaa vya umeme vinavyoliachia gari kwa niaba yao, wasio navyo wanaotegemea mguu tu, na chini kabisa daraja la magari ya mtaani, yenye namba za usajili na tairi za kuendea kazini. Pale ndipo alipokuwa mume wangu. Pale nilimwona bibi mmoja mwenye mvi, na gari dogo la kuendea sokoni, akiwatoa wanaume sita mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na kasi. Alikuwa anajijua.

Mume wangu, kwa upande wake, alishindwa Jumamosi tatu mfululizo, na zote alishindwa kwa kuvunja. Pikapu ilikuwa inakwenda sekunde kumi na tano nukta mbili, kila mara, kama saa ya ukutani. Yeye anaandika kumi na tano nukta nne.

"Nabakisha mbili," alisema nilipomuuliza. "Sipendi kujitangaza."

Sikumshangaa, kwa sababu najua nilikomtoa. Bibi yake, kule milimani, akiulizwa amevuna magunia mangapi alijibu kwamba Mungu amejalia kidogo, hata ghala likiwa limejaa mpaka mlangoni. Watoto hawakuhesabiwa. Ng'ombe hawakuhesabiwa. Ukitaja chote ulicho nacho, kuna jicho linasikia. Na sisi sote tumelelewa hivyo kiasi fulani. Unapiga simu nyumbani, unauliza habari, unaambiwa salama, watu wazima, wote hawajambo, na baada ya dakika tano ndipo unaambiwa shangazi amevunjika nyonga. Mume wangu nimemsikia akiwa na homa inayotikisa kitanda akimwambia imamu kwenye simu kwamba yuko salama kabisa. Kwa hiyo alipoletewa mchezo ambao sheria yake ya kwanza ni kutaja ulicho nacho chote, bila kupunguza, alipunguza.

Baadaye alipata dawa yake. Aliendelea kubakisha mbili, ila akajifunza kukanyaga breki kidogo karibu na mstari wa mwisho, asivunje. Wenzake wanaijua mbinu hiyo, wengine wanaikunjia uso, lakini haikatazwi. Akaanza kushinda. Kufikia mwezi wa tisa alikuwa na alama za kutosha kualikwa siku ya fainali ya daraja lake, uwanja mmoja nje ya Houston, Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi.

Na gesi ikazidi.

Tulipatana hivi. Yeye aliniahidi kwamba tukitoka Houston, Jumatatu asubuhi atakuja mwenyewe nimbandike waya zangu zote ninazozitaka. Alijua wakimkuta na kitu watamkataza kuendesha, na alitaka ile siku moja. Nikamwekea nafasi Jumatatu saa mbili asubuhi. Nilikubali. Mimi ninayewagombeza wagonjwa wanaosubiri, nilikubali kusubiri siku kumi na mbili kwa sababu mume wangu alikuwa na furaha, na sikuwa nimemwona na furaha hivyo tangu watoto waondoke. Kosa hilo ni langu na sitamgawia mtu.

Ijumaa tulishuka Houston, yeye na pikapu mbele, mimi na Mkenya nyuma kwenye gari langu. Tulifikia kwa wifi yangu, dada yake, Sharpstown, ghorofa ya tatu. Nilimtanguliza kwenye ngazi makusudi. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili alisimama, akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema haloo. Nilikuwa ngazi mbili chini yake. Kioo cha simu kilikuwa cheusi.

Nilisimama nikamsubiri amalize kuongea na hewa.

"Kaka, mbona jasho hivyo?" wifi yangu alimuuliza mlangoni.

"Joto la mji wenu," akajibu, na wote wakacheka, kwa sababu joto la Houston linabeba lawama zote. Alikula chapati moja kati ya nne alizowekewa. Wifi alinitazama, nikamtazama. Mficha maradhi kifo humuumbua: wote wawili tunaijua methali hiyo, na hakuna aliyethubutu kuitamka.

Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Kabla ya raundi zenyewe kila dereva anapewa nafasi mbili za majaribio, na kila ukimaliza unapewa karatasi ndogo yenye muda wako. Karatasi hizo ni kazi yangu. Mume wangu anaendesha, Mkenya anapima upepo wa tairi, mimi nakusanya karatasi kwenye daftari na kuandika namba kwenye kioo, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Jaribio la kwanza: kumi na tano nukta mbili moja. La pili: kumi na tano nukta moja tisa. Mkenya alizisoma begani kwangu akafurahi. "Gari iko fiti sana, shemeji."

Gari lilikuwa fiti. Lakini nimezoea kusoma karatasi kuanzia juu, na juu kabisa, mahali ambapo wengi hawaangalii, pameandikwa muda wa dereva mwenyewe: tangu taa ya kijani iwake mpaka gari lianze kuondoka. Huo hauhesabiwi kwenye muda wa gari. Ni wa mtu. Wa mume wangu, msimu mzima, ulikuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mara chache mbili. Nilikuwa nao wote kwenye daftari, kurasa kumi na nne. Asubuhi ile karatasi ya kwanza ilisema nne. Ya pili ilisema saba.

Nilizitazama zile karatasi mbili kama ninavyotazama mistari inayotoka kwenye mashine yangu. Gari halijabadilika. Mtu amebadilika. Taa ya kijani inawaka mbele ya macho yake na yeye yupo mahali pengine, anasubiri kitu ndani yake kipite kwanza. Nimewahi kuogopa maishani, lakini kwa kawaida woga wangu unakuja na sauti, nagombeza, nafoka. Huu ulikuja kimya.

Nilipoinua macho, pikapu ilikuwa tayari kwenye foleni ya raundi ya kwanza. Magari manne mbele yake. Foleni ya pembeni, sambamba naye, alikuwa ameketi yule bibi mwenye mvi, amekwishavaa helmeti. Ndiye waliyempangia mume wangu kushindana naye.

Nilitembea. Sikukimbia, kwa sababu nilijua nikikimbia ataona na atajipanga. Nilifika dirishani kwake na chupa ya dawa ya viatu mkononi.

"Andika kumi na tano nukta nne," alisema bila kunitazama.

Magari mawili yaliondoka. Foleni ikasogea, akasogeza pikapu, nikatembea nayo. Nilimwonyesha zile karatasi, kidole changu juu ya ile namba ya juu.

"Nilikuwa nawaza," alisema.

"Ulikuwa unawaza nini kwa sehemu saba?"

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya baridi, na jasho lilikuwa juu ya mdomo tu, pahali pabaya, pahali ninapopajua.

"Kifua kinakuuma tangu lini?"

"Watu wanatusikia."

"Hawajui Kiswahili. Anayekijua ni rafiki yako tu."

Mkenya alikuwa amesimama nyuma ya pikapu na pampu ya tairi mkononi. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Raundi hii moja," mume wangu alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuomba, si sauti yake. "Moja tu, mke wangu. Nikitoka hapo nitafanya unavyotaka. Andika."

Gari moja likabaki mbele. Kijana wa uwanja aliyekuwa anapanga magari alitupungia mkono tusogee, akaonyesha kioo chetu kitupu. Bila namba hakuna anayeruhusiwa kwenda. Nikaifunga ile chupa kifuniko chake, nikaitia kwenye mfuko wa sketi yangu.

Hapo akanitazama. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake miaka ishirini na mitatu ya ndoa.

"Unaniaibisha."

"Nakuaibisha," nikamwambia. "Na nitaendelea kukuaibisha mpaka uzeeke. Tangu lini?"

Kijana wa uwanja alikuja, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwinulia kiganja asubiri. Nyuma yetu mtu alipiga honi. Mume wangu aliweka mikono yote miwili juu ya usukani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Tangu Alhamisi," alisema. "Haitoki. Inashika mkono mpaka kwenye taya. Nilidhani nitaifikisha Jumatatu."

Niliingiza mkono dirishani nikaizima injini, nikauchomoa ufunguo. Mkenya alikuwa tayari anakimbia. Viwanja hivi haviruhusiwi kufunguliwa bila gari la wagonjwa kusimama karibu na uzio, na siku zote nililiona lile gari kama pambo, wahudumu wake wawili wakila soseji kivulini. Walikuja kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Yule bibi alikuwa ameshuka kwenye gari lake na kuvua helmeti. Alishika mlango wa pikapu usijifunge wakati wanamtoa.

Ndani ya gari la wagonjwa walimkata fulana. Walimbandika waya, mkono wa mtu mwingine, kwenye kifua ambacho nilinyimwa miezi miwili, na mashine ikaanza kutoa karatasi yake. Nilikuwa nimekaa upande wa miguu, kwa hiyo niliisoma juu chini. Ilitosha. Mstari ulikuwa umeinuka pale usipotakiwa kuinuka. Niliisoma kabla ya mhudumu kuisoma, na kwa nusu dakika nikawa mtu pekee duniani anayejua, na ningetoa chochote niwe mjinga wa kazi yangu.

Mhudumu, dada mmoja mpole mwenye glavu za bluu, aliinama akamuuliza kwa Kiingereza swali wanalowauliza wote: kuanzia moja mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?

Mume wangu alifikiri.

"Three," alisema.

Nimelisikia swali lile kwa miaka kumi na moja, na nimewaona watu wa kwetu wakilijibu hivyohivyo, tatu, mbili, kidogo tu dada, huku wakiuma meno. Na nimeona wanavyowekwa kwenye benchi la kusubiri kwa sababu ya ile tatu. Nilimshika kifundo cha mguu. Kilikuwa baridi.

"Usibakishe," nikamwambia. "Nakuomba. Hapa usibakishe hata moja. Sema yote."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali. Gari lilikuwa limeshaanza kwenda.

"Eight," alisema.

Yule dada akaiandika, akamtazama mwenzake wa mbele, na king'ora kikawashwa.

Walimzibua mishipa miwili siku ileile. Daktari alinieleza mengi na mimi nikaitikia mengi, na lililobaki kichwani ni kwamba alitumia neno saa, hakutumia neno siku. Mkenya aliirudisha pikapu Mesquite peke yake Jumapili, kioo kikiwa kitupu. Wifi yangu alikuja hospitali na vyombo vitatu vya chakula, akamgombeza kaka yake mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti. Nilimwacha amgombeze. Mimi sikuwa na nguvu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa nyumbani, Jumapili mchana. Alikuwa ameruhusiwa kutembea kidogo kidogo kuzunguka maegesho ya magari, na alikuwa amerudi kutoka duru yake ya pili, amekaa mezani anapumua. Alisema, kama anavyosema mpaka leo, kwamba yule bibi angemshinda. Nikasema ndiyo, angekushinda. Nilikuwa namenya machungwa. Akalivuta bakuli karibu naye.

"Ile siku kwenye ambulensi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilibakisha mbili."

Niliweka kisu mezani. Nikalia kile kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu Houston, na yeye akanisogezea chungwa.